Tupimieni udongo kabla ya kutupatia mbegu

Ndugu zetu vijana, na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika,

Hapa Mbugangari kila mmoja wetu anataka kabustani kake. Gunia moja la lenga-lenga, ile wenyeji wanaita dodo, linaokoa chakula cha jioni. Lakini nafasi tunayopata ni ile iliyobaki: pembeni ya garaji, kando ya barabara, pale takataka zilipochomwa. Majani yakigeuka njano, jibu ni lilelile: ongezeni mbolea.

Sisi tunasema, ngojeni kwanza. Jani la njano linaweza kuwa na njaa, linaweza pia kuwa na sumu. Yakianza majani ya chini, mara nyingi naitrojeni imepungua, na samadi itasaidia. Yakianza machanga huku mishipa imebaki kijani, mmea umekosa chuma. Lakini zinki au shaba ikizidi udongoni, mmea unashindwa kutumia chuma, na dalili ni zilezile. Macho peke yake hayatoshi.

Kuna kibaya zaidi. Kadimiamu inaingia mizizini kwa njia ileile ya zinki, inapanda hadi kwenye jani, na mboga inaweza kubaki kijani kabisa. Risasi ya betri za gari inakaa zaidi mizizini na kwenye vumbi lililo juu ya majani, na inaharibu ubongo wa mtoto. Tulikimbia risasi ya bunduki. Hatutaki hii nyingine ituingilie kwenye sahani.

Vijana wenzetu, tuanze na tunachoweza. Gunia lijazwe udongo wa mbali na garaji, na mboji nyingi. Udongo wenye asidi unaachia kadimiamu kirahisi, kwa hiyo chokaa kidogo inasaidia. Majivu yawe ya kuni, siyo ya takataka. Mahali penye mashaka tupande maharage au nyanya, maana mbegu na matunda hubeba sumu kidogo kuliko majani na mizizi. Na mboga ioshwe vizuri.

Ninyi wa mashirika, mtasema vipimo ni ghali. Chukueni udongo kidogo kila kona ya bustani, uchanganywe, upimwe mara moja. Halafu mtuletee majibu, hata kama ni mabaya. Mbegu bila kipimo ni nusu ya msaada, na nusu iliyobaki tunaila sisi na wadogo zetu.