Methali Inayomlinda Mwizi

Mkulima wa pamba anapoibiwa kwa simu, baadhi yetu tuliobahatika kusoma hutikisa vichwa na kusema: "Wajinga ndio waliwao." Methali hiyo, ikitamkwa na mwalimu au mtumishi wa umma, huwa ngao ya mwizi.

Tutazame Kalemela, wilayani Busega, Mkoa wa Simiyu. Msimu wa pamba ukifika, fedha huingia, na madeni ya ada na pembejeo hulipwa kwa simu. Ndipo ujumbe unapokuja: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Mwizi hamjui mkulima huyo. Ametuma maneno hayohayo kwa watu wengi, akimvizia yule mmoja ambaye kweli alikuwa na hela ya kumtumia mtu. Mwenziwe hujifanya mtumishi wa kampuni ya simu, akadai fedha zimekosewa njia, akataka namba ya siri upesi. Silaha yake ni haraka na hofu, nayo hofu haiulizi cheti. Wasomi nao huibiwa. Tofauti ni kwamba wao huona haya, wakanyamaza.

Watatuambia kwamba sheria zipo. Ni kweli. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015, na tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole. Lakini sheria haimsaidii bibi anayeambiwa kidole hakijasoma, aweke tena na tena, kumbe anasajiliwa laini asiyoijua, ambayo kesho itamwibia jirani yake kwa jina lake mwenyewe!

Ndugu zangu walimu, kazi hii si ngeni kwetu. Mwaka 1968 ulianza katika mikoa ya Ziwa mpango wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza. Wazee walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyozungumzia kilimo cha pamba. Hakuna aliyewacheka. Walifundishwa herufi kwa kazi waliyoijua, nao wakasoma.

Leo somo ni fupi zaidi. Namba ya siri haitajwi kwa yeyote, awe mtoto wa nyumbani, wakala au anayejiita ofisa. Kabla ya kutuma fedha, mpigie mhusika kwa namba uliyoizoea. Bonyeza *106# ujue laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba ya tapeli ipeleke 15040. Hayo yaweza kusemwa katika mkutano wa kijiji au kikao cha wazazi kwa dakika kumi tu.

Asiyeweza kutoa dakika kumi hizo hana haki ya kumwita mwenziwe mjinga. Mkulima aliyeibiwa hakukosa akili; alikosa mtu wa kumwambia mapema. Mtu huyo alipaswa kuwa mimi na wewe.