Kinga Mbili, Watu Watatu

Mwezi uliopita ukurasa huu ulichelewa, na baadhi yenu wa hapa Kiziba mlituuliza tumepotelea wapi. Tulikuwa Kigali, pale Nyarutarama, tukishindana mbio za baiskeli za milimani. Ndiyo, sisi hawa hawa mnaotuona kila asubuhi tukisukuma madumu ya maji!

Tuseme mapema: hatukushinda. Anayetafuta habari za kombe afungue ukurasa mwingine.

Mambo yalianza hivi. Sisi ni watatu, na kinga tulizokuwa nazo ni mbili. (Wageni wanaosoma jarida hili wasishangae, kwetu Kivu kinga ni baiskeli.) Ya kwanza ni yetu wenyewe, ya gia, tuliyoiunga kipande kwa kipande kwa miaka miwili: fremu ya mtumba, magurudumu ya kwingine, cheni ya kwingine. Ya pili ni ya mzee jirani yetu, chuma kitupu, haina gia hata moja, na ndiyo anayosombea watu mihogo na maji ili nyumba yake ile. Tulipoenda kuiomba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Wanangu, hiyo kinga ndiyo shamba langu." Akatupa. Tungeona afadhali angekataa.

Kuhusu nani abaki bila kinga, tulipiga kura kwa vijiti. Wa kati wetu akapata kijiti kifupi. Hakusema neno, ila usiku ule hakula.

Mama naye alikuwa na swali lake: "Mkivunjika mguu, mzigo wangu atabeba nani?" Hatukuwa na jibu. Tukamwambia tutavaa kofia ngumu.

Tulishuka Karongi mjini, tukafungua magurudumu, tukafunga kinga ndani ya magunia. Dereva wa basi alituchaji kila kinga kama abiria mzima, mbona kiti hatukupewa! Basi pesa ya safari ikawa imeanza kupungua kabla hata hatujaiona Muhanga.

Sasa, Nyarutarama. Ni mlima wa nyumba kubwa, kuta ndefu, walinzi getini na maua barabarani. Chini yake kuna bonde lenye uwanja wa gofu na kiziwa kidogo. Dunia nzima iliona upande ule Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa Afrika. Kile kilima walichokiita Kigali Golf ni mita kama 800 tu, lakini wanaume walikipanda tena na tena katika safari ya kilomita 267.5, na waliomaliza walikuwa 30 peke yao, Tadej Pogačar akiwa mbele. Sisi tulipokiangalia kwa macho tukasema, kumbe ndiyo hiki? Pale kambini kupanda na maji ni kubaya zaidi. Hayo tuliyasema tukiwa tumesimama, bado hatujapanda.

Mbio zetu zilikuwa za ridhaa, bila malipo kwa mtu, zimeandaliwa na wapenzi wa baiskeli tu. Hazikupita kwenye lami ile ila kwenye udongo: mzunguko mfupi wa njia za vumbi na vichochoro, unashuka kwa ghafla hadi bondeni, unapita kwenye matope, halafu unapanda tena. Mizunguko mitano. Wote mnaondoka pamoja na mnapigania kuingia kwanza kwenye njia nyembamba, kwa sababu ukishaingia nyuma kupita mtu ni shida. Na ukichelewa sana unatolewa. Kwenye mashindano makubwa kipimo chake ni asilimia 80: wanachukua muda wa mzunguko wa kwanza wa aliye mbele, na wewe ukibaki nyuma yake kwa zaidi ya asilimia 80 ya muda huo, safari yako imekwisha. Pale kwetu walitumia kanuni nyepesi zaidi: aliye mbele akikukuta kwa nyuma, unatoka.

Jumamosi jioni wakakagua kinga. Yetu ikapita. Ya mzee ikakataliwa. Breki ya nyuma haishiki, ya mbele inashika ikitaka, na yule kijana wa ukaguzi akasema kwa heshima kabisa kwamba hawezi kuturuhusu tukajiue. Alikuwa na haki. Lakini Nyarutarama utapata wapi fundi wa baiskeli? Watu walituambia zamani wangetuelekeza Kangondo, kile kijiji cha vibanda kilichokuwa papo hapo jirani, ambacho wengi walikiita Bannyahe. Wakaaji wake walihamishiwa Busanza na nyumba zikabomolewa mwaka 2022, na mafundi wakaenda na watu wao. Tukatembea mpaka upande wa Kimironko, tukampata fundi mmoja chini ya mti, akatuwekea mpira mpya wa breki na waya mpya, mbele na nyuma. Franga elfu nne na mia tano. Hiyo ilikuwa nauli yetu ya kurudi.

Tulilala kwa ndugu anayefanya ulinzi huko, wote kwenye godoro moja. Asubuhi tulipoamka wa kati wetu hakuwepo. Tulikuwa tumekubaliana yeye ndiye atakayetupa maji kila mzunguko. Tukamtafuta, hola. Tukasema, amekasirikia kile kijiti, ameamua kutuacha. Maneno tuliyoyasema juu yake asubuhi ile hatutayaandika hapa.

Saa tatu wakapuliza filimbi. Tulikuwa thelathini na wachache, wengi wana kinga za maana, zenye breki za sahani na springi mbele. Na hapa tuwaambie jambo ambalo hata sisi lilitushangaza: kwenye mpando wa kwanza mkubwa wetu, juu ya chuma cha mzee kisicho na gia, aliwapita watu tisa. Tisa! Watu wa kando wakapiga makofi, walinzi wakatoka getini. Miguu iliyozoea kupanda na kilo sitini nyuma, ukiiondolea mzigo, inaruka yenyewe. Lakini ulipofika mteremko, wale tisa wakampita wote, na wengine juu yake. Kushuka ndiko kunakotenganisha watu katika mbio hizi. Sisi maisha yetu yote tunashuka polepole, tukishika breki, tusimwage maji wala tusipoteze mihogo. Hakuna aliyetufundisha kuachia.

Mzunguko wa pili mkubwa wetu alijaribu kuachia. Gurudumu la mbele likagonga jiwe, kinga ikaruka, akaanguka kwa bega. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuinua kinga na kuzungusha gurudumu kuona kama limepinda. Damu ya kiwiko aliiona baadaye. Tangu hapo kila mteremko mkali alishuka kwa miguu, akiisukuma kinga kama anasindikiza mgonjwa. Mzunguko wa nne aliye mbele akamkuta, wakamwonyesha utepe. Akatoka.

Mdogo wetu alikuwa na kinga ya gia na akili ya kitoto. Alikwenda mbio mno mwanzoni, mzunguko wa tatu miguu ikakauka, hana maji, hana mtu wa kumpa maji. Akiwa anapanda kwa shida vile, akasikia mtu anamwita kwa jina la nyumbani. Ni wa kati wetu, amesimama kwenye kona na chupa mbili, shati limeloa jasho kuliko letu. Alikuwa ameamka saa kumi za usiku, akaenda soko la Kimironko kubebea akina mama mizigo ya vitunguu hadi barabarani, hadi akapata nauli ya watatu na ya kinga zote mbili. Hakutuambia kwa sababu, alisema baadaye, tungemkataza.

Mdogo wetu alipata pancha mzunguko wa mwisho. Akaibeba kinga begani, akakimbia kwa miguu mpaka mwisho. Nafasi ya ishirini na moja.

Baadhi yenu mtauliza, haya yote kwa faida gani? Wazee wetu wanakumbuka chukudu za Goma, kinga za mbao zinazobeba mamia ya kilo, hata mwaka 2009 zikajengewa sanamu pale mjini. Huku Rwanda nako kinga za mbao zilikuwepo, na Mmarekani mmoja mtengenezaji wa baiskeli, Tom Ritchey, alipoziona mwaka 2005 akavutiwa sana, na mwaka 2006 yakaanza mashindano yaliyoitwa Wooden Bike Classic. Mwaka 2007 Adrien Niyonshuti na wenzake walikwenda Cape Epic, Afrika Kusini, siku nane za milima. Na mwaka 2012 Adrien huyo alibeba bendera ya Rwanda kwenye Olimpiki ya London, akashindana mbio hizi hizi za milimani, akawa wa 39. Wa 39! Wako watu wanaolitaja jina lake mpaka leo, na wa kwanza wa siku ile hawamkumbuki. Mwaka 2016, Rio, akaenda Nathan Byukusenge katika mbio hizo hizo. Hatusemi sisi ni Adrien. Tunasema tu njia ipo, na ina mawe.

Kwa wazazi ambao watoto wao wameshaanza kutuomba tuwapeleke: hatumpeleki mtoto ambaye nyumbani hawajakubali. Kofia ngumu tunayo moja na nyingine tuliazimwa palepale. Tutawafundisha kushuka kwanza, kwenye nyasi za chini ya uwanja, jioni baada ya maji. Kupanda mnajua.

Kinga ya mzee tuliirudisha Jumatatu, tumeiosha. Akaizungusha magurudumu, akavuta breki ya mbele, akavuta ya nyuma, akaiangalia alama ya jiwe kwenye rimu. Mkubwa wetu alificha kiwiko nyuma.

"Breki hizi mpya," mzee akasema. "Nawadai au mnanidai?"

Tukamwambia hakuna anayedaiwa. Akafunga dumu mbili kwenye keria akaenda bombani, na kwenye ule mteremko wa shule tulimwona anashuka amepanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.