Umeme wa Ruzizi: mitambo ya nchi tatu itaelewana kwa lugha gani?

RUSIZI, Rwanda – Ukisimama Nkanka, sekta iliyo ukingoni mwa Ziwa Kivu wilayani Rusizi, ng'ambo ya maji ni Kongo. Kusini ya hapo ziwa linamwaga maji yake katika mto Ruzizi, na umeme wa mto huo unagawanywa kati ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Kwa mwuza sambaza mwenye friza, kwa fundi wa kuchomelea na kwa dereva anayesubiri kupakia saruji Bugarama, swali la kila siku ni moja: umeme upo au haupo?

Sehemu ya jibu imo katika jambo lisilozungumzwa sana sokoni, nalo ni namna mitambo ya nchi mbalimbali inavyopeana taarifa.

Wafanyabiashara wa mipakani wanaujua ugonjwa huu kutoka forodhani. Katikati ya miaka ya 2000 Kenya ilikuwa na mfumo wake wa Simba, huku majirani wakitumia ASYCUDA. Taarifa za kontena lile lile ziliingizwa upya mpakani, na kosa la herufi moja lilitosha kulilaza lori. Ikabidi itengenezwe RADDEx ya kupitisha taarifa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, kabla ya Himaya Moja ya Forodha kuanza mwaka 2014. Kila mfumo ulifanya kazi vizuri ukiwa peke yake. Gharama ilikuwa pale katikati, na aliyeilipa ni mwenye mzigo.

Katika umeme, pale katikati pana hatari zaidi. Gridi za nchi hizi zinakwenda kwa mapigo 50 kwa sekunde. Mtambo mkubwa ukianguka, mapigo hushuka na vifaa vya ulinzi hukata baadhi ya maeneo papo hapo ili gridi nzima isizimike. Kukata ni kazi ya sekunde. Kurudisha ndiko kunakokula saa, kwa sababu waendeshaji wa Kigali, Bujumbura na Bukavu lazima kwanza wakubaliane ni swichi ipi imefunguka, wapi, na kwa sababu gani. Skrini zao zisipoonyesha kitu kimoja, kinachobaki ni simu.

Kwa kiwanda cha saruji, saa hizo si mchezo. CIMERWA ya Bugarama, ambayo hisa zake nyingi sasa zimo mikononi mwa kampuni ya Kenya, National Cement, ilizindua mwaka 2015 kiwanda kipya chenye uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka. Tanuri la klinka likizimika ghafla haliwashwi tena kama jiko la mkaa. Huhitaji kupashwa moto polepole, la sivyo matofali yake ya ndani hupasuka. Muda wote huo malori hayapakii, na lori lililosimama halilipi mkopo wa benki.

Ruzizi I, inayoendeshwa na SNEL ya Kongo, ilianza mwaka 1958. Ruzizi II ya megawati 43.8 ilianza mwaka 1989 chini ya SINELAC, kampuni ya pamoja ya nchi tatu. Katika zama hizo kila mtengenezaji wa mitambo alikuwa na lugha yake, na aliyenunua swichi kwa mmoja alilazimika kumrudia huyo huyo kwa kila kipuri.

Jitihada za kuwa na lugha moja viwandani zilianza mapema, lakini zilichelewa kuzaa. Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, ilianza kazi hiyo mwaka 1985. Baada ya mivutano ya makampuni ya Ulaya na Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990 ikapitisha kiwango IEC 61158 ambacho ndani yake mlikuwa na lugha 8 zisizoelewana. Kila kampuni ikaenda nyumbani na ushindi wake. Mnunuzi akabaki alipokuwa.

Upande wa vituo vya umeme mambo yalikwenda vizuri zaidi. Kiwango IEC 61850, kilichoanza kutolewa mwaka 2003, hakikuishia kwenye waya na namna ya kutuma ishara. Kiliyapa vitu majina. Swichi ya kukatia umeme ni XCBR, na vipimo vya volti na ampea ni MMXU, awe ametengeneza Mjerumani au Mchina. Dereva wa njia ya kaskazini ataelewa haraka: mizani ya Mariakani na ile ya mpakani haziwezi kuleta ugomvi zikikubaliana kilo ni nini na ekseli inahesabiwaje.

Hata hivyo cheti si dawa. Kiwango hicho kina matoleo zaidi ya moja na sehemu nyingi za hiari. Vifaa viwili vyenye cheti vinaweza kusalimiana vizuri na bado visielewane kwenye jambo lenyewe. Zabuni inayosema tu “mitambo iafiki IEC 61850” imeacha mlango wazi.

Ndiyo maana macho yanapaswa kuwa kwenye Ruzizi III. Mradi huo wa megawati 206, ambao umesubiriwa kwa zaidi ya miaka 10, utagawa umeme wake kwa nchi tatu sawasawa. Fedha za miradi ya namna hii hutoka kwa wakopeshaji wengi, na kila fungu huweza kuja na mkandarasi wake: mmoja wa mashine, mwingine wa kituo cha kupozea umeme, mwingine wa njia za kusafirishia. Orodha ya majina na ishara isipoandikwa kwenye mikataba yote kabla ya ununuzi, na vifaa visipojaribiwa pamoja kabla ya kupakiwa melini, tofauti zitagunduliwa Kamanyola, mafundi wakiwa tayari wameanza kudai malipo ya ziada.

Wapo wanaosema vifaa vya kutafsiri kati ya lugha mbili vipo na bei yake si kubwa. Ni kweli, na kwa mitambo ya zamani hilo ndilo jibu la busara. Kwa mtambo mpya ni akiba ya uongo. Kila kifaa cha namna hiyo kinahitaji mtu anayejua kilivyopangwa, na mara nyingi mtu huyo ni mmoja, mwenye kompyuta moja ya mkononi. Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024, na Bukavu iliingia mikononi mwa M23 Februari 2025. Fundi wa namna hiyo atavuka kwa kibali cha nani usiku gridi ikianguka?

Kuna pia suala la ankara. Kulipana kwa umeme wa pamoja hapa kumekuwa na malimbikizo ya madeni kwa miaka mingi. Mita za upande wa mwuzaji na za mnunuzi zikituma taarifa kwa namna mbili, mdaiwa asiyetaka kulipa hupewa sababu ya kubishana bure. Deni hilo hurudi kwa mtumiaji, ama kwa bei ya uniti au kwa matengenezo yanayoahirishwa.

Vyama vya wafanyabiashara na wasafirishaji vya Rusizi na Bukavu vimezoea kuuliza Ruzizi III itaanza lini na uniti itauzwa kiasi gani. Lipo swali la tatu, na wakati wa kuliuliza ni kabla ya mitambo kuagizwa: orodha ya pamoja ya taarifa imeandikwa na nani, na je, imo katika mkataba wa kila mkandarasi?