Jeraha la Hiari Nalo ni Jeraha

BARAZA LA IJUMAA
Na Mwanaisha Athumani Mzee

Watu wetu wana huruma nyingi kwa mgonjwa aliyepatwa na maradhi pasipo kuyatafuta, nao humwendea na uji na dua, wakakaa ukingoni mwa kitanda chake na kumjulia hali asubuhi na jioni, lakini mtu akiingia chumba cha upasuaji kwa khiyari yake, kwa kuwa lipo jambo katika umbo lake lililomkosesha raha tangu utotoni, huruma hiyo hukatika ghafula, na mahali pa pole huja neno, "Si alijitakia?" Nalisikia neno hili mara kwa mara siku hizi, maana upasuaji wa kushusha nywele za mbele ili paji la uso lipungue, ambao zamani ulikuwa habari ya mbali, sasa umewafikia wanawake tunaowajua kwa majina. Sina nia leo ya kuhukumu kama ulikuwa na haja. Uamuzi huo ni wa mwenye kichwa. Maadamu kisu kimekwisha kupita, lililobaki la kuzungumzwa na watu wenye insafu ni kupona kwake, na kovu litakalomfuata.

Upasuaji wenyewe, kwa maneno machache, ni huu: tabibu hukata ngozi kwa kufuata mahali nywele za mbele zinapoanzia, kutoka upande mmoja wa kipaji hata upande wa pili, akailegeza ngozi ya kichwa na kuiachanisha na fuvu kuelekea nyuma, akaivuta mbele, akaondoa ukanda wa ngozi ya paji uliozidi, kisha akaishona ngozi yenye nywele mahali pake papya; na ili isirudi ilikotoka, aghalabu huifunga katika mfupa kwa nyuzi zilizopitishwa katika vitundu vidogo, au kwa vishikizo viyeyukavyo mwilini. Sentimita 2 au 3 ndizo zipatikanazo kwa kawaida, kwa kadiri ngozi ilivyo nyumbufu. Mpasuaji stadi hakati wima. Huulaza wembe, ili mizizi ya nywele ibaki chini ya ukingo wa ngozi na nywele zichipuke kupitia ndani ya kovu lenyewe na kulifunika. Katika nywele za kipilipili kazi hii yataka mkono mzoefu zaidi, kwa sababu mizizi ya nywele zetu imepinda ndani ya ngozi, na wembe usioujua mpindo huo huikata pasipo kuiona.

Wala si kila paji refu lifaalo kupasuliwa. Afaaye ni yule aliyezaliwa nalo, ambaye nywele zake zimetulia mahali pamoja. Lakini ambaye nywele zake zingali zikirudi nyuma mwaka hata mwaka, huyo kovu lake litaachwa wazi kama mwamba maji yakupwapo. Na nywele za wanawake wengi wa kwetu hurudi nyuma kwa kuvutwa. Jambo hili si geni katika elimu ya utabibu, kwani mwaka 1907 liliandikwa juu ya wanawake wa Greenland, waliokuwa wakizifunga nywele zao utosini kwa nguvu. Na karibu na zama zetu, watafiti wa Cape Town walipowachunguza watu wazima wa huko, waliona dalili zake kwa takriban theluthi moja ya wanawake. Misuko ya kubana, rasta nzito, wivingi zinazoshonwa juu ya nywele zilizokwisha choka, hivi ndivyo vifanyavyo kazi hiyo polepole. Mwanzoni nywele hurudi zikipumzishwa. Mvuto ukidumu miaka, mizizi hufa. Binti aliyepoteza nywele za kando kwa namna hii hana haja ya mpasuaji kwanza. Ana haja ya msusi mwingine.

Nije sasa kwenye kupona, ambako maneno ni mengi na wasemaji ni wachache. Binti wa ndugu yangu, aliyeniruhusu kuyaandika haya kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje, alirudi nyumbani na kitambaa cheupe kichwani na karatasi moja ya dawa mkononi. Siku ya tatu uvimbe ulimteremkia machoni hata kope zikakutana, na mama yake, kwa fadhaa, akataka kumrudisha hospitali usiku ule ule, ilhali uvimbe wa namna hiyo ni wa kutarajiwa, hushuka kwa uzito wake kutoka kipajini na kuondoka wenyewe siku chache baadaye, hasa mgonjwa akilala kichwa kikiwa juu ya mito. Zilipotolewa nyuzi, alishika kitana akakipitisha utosini asikihisi. Akaweka kiganja, asikihisi vilevile. Alisema kichwa kile kilikuwa cha mtu mwingine. Hakuna aliyemweleza kwamba mishipa ya fahamu ipandayo kutoka juu ya nyusi kwenda utosini hukatwa pamoja na ngozi, na kwamba hisia hurejea kidogo kidogo kwa muda wa miezi, aghalabu kati ya 6 na 12, ingawa kwa baadhi ya watu hubaki kiraka kisichorudi kama kilivyokuwa. Ziliporejea kwake zilikuja na muwasho usiomwacha alale, naye akajifunza kuubembeleza kwa kugonga-gonga kwa ncha za vidole pasipo kukuna.

Hayo aliyavumilia. Lililomvunja moyo lilikuja baadaye, nywele zilizo karibu na mshono zilipoanza kupukutika. Nilimkuta amekaa sakafuni chumbani mwake, mto mweupe uko mapajani, anazichambua nywele zilizoangukia juu yake moja moja na kuzilaza kwa mstari, akiwa ameshawishika kwamba ametoa fedha na damu ili apate upara. Nazo si nywele zilizokufa. Mzizi ulioshtushwa na kisu huiachia nywele yake na kupumzika, kisha huota nyingine baada ya miezi mitatu au minne. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwake, zilichomoza malaika laini kwanza, kisha nywele kamili. Maneno haya mawili matatu, lau angeambiwa kabla ya kupasuliwa, yangemwondolea wiki nyingi za kilio, na mimi siwezi kuona kwa nini tabibu ayajuaye kwa ghibu ashindwe kuyatamka.

Sasa kovu. Ni ada yake kumhadaa mwenyewe, kwani wiki za kwanza huwa mstari mwembamba wa kupendeza, na kila aonaye husifu. Kisha mwezi wa pili na wa tatu huinuka, hugeuka jekundu au jeusi zaidi ya ngozi iliyo kando yake, hukaza na kuwasha, na hapo ndipo wengi hudhani mambo yameharibika. Hayakuharibika. Mwili ungali kazini, unasuka nyuzi za ngozi kwa haraka na kuzipanga upya kwa utaratibu, na kazi hiyo haiishi kabla ya miezi 12, kwa wengine 18. Hata baada ya hapo, ngozi ya kovu haifiki zaidi ya takriban asilimia 80 ya nguvu ya ngozi isiyoguswa. Atakaye kulirekebisha kovu la miezi minne kwa kisu kingine anamkatiza fundi kabla hajamaliza.

Adui mkubwa wa kovu ni mvuto. Kwa ajili hiyo mpasuaji huifunga ngozi kwenye mfupa, ili mshono usibebe mzigo wote. Nami neno langu lote la leo li hapa: mwenye kuona haya huurudisha mvuto ule ule kwa mikono yake. Huzibana nywele zizibe mstari, hugandisha wigi kwa gundi ukingoni mwa paji, hukaza kilemba hata kikaacha alama, na kila jioni avifunguapo huliona kovu limepanuka kidogo, naye kesho yake hukaza zaidi. Nimeyaona haya kwa macho yangu, na yaniuma kuyaona, kwa sababu mtu huyo hateswi na kisu. Anateswa na macho ya watu anaotaka kuwakwepa. Mtandio mwepesi wa pamba uliolegezwa watosha, nao humkinga na jua, ambalo hulitia kovu changa weusi usiotoka upesi.

Dawa za kweli ni chache na zataka subira. Jeraha likishafunga kabisa, jeli au vibandiko vya silikoni vilivyokaa juu ya kovu kwa muda wa nusu ya siku au zaidi, kila siku, kwa miezi kadhaa, husaidia kulilaza. Kulikanda kwa kidole pia, tabibu akisharuhusu wakati wake. Ndimu isiguse mahali hapo: maji yake yakipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha weusi mbaya kuliko ule aliotaka kuuondoa. Na mkorogo ni balaa. Yale makopo yenye zebaki na haidrokwinoni, ambayo Tanzania na Kenya zimeyapiga marufuku na bado yanauzwa chini ya meza, hudhuru ngozi nzima kwa kisingizio cha kutengeneza mstari mmoja.

Lipo kovu la namna nyingine ambalo sharti nilitaje mbali, nalo ni keloidi. Kovu lililoinuka likabaki ndani ya mipaka ya jeraha hutulia lenyewe mara nyingi. Keloidi huivuka mipaka hiyo na kuendelea kukua juu ya ngozi ambayo kisu hakikuigusa. Hupenda zaidi ndewe za masikio, kifua na mabega kuliko kipaji, lakini mwenye kuwahi kuota moja masikioni baada ya kutogwa, au mwenye mama au dada aliye nayo, ana wajibu wa kulisema hilo kabla hajalala juu ya meza, na tabibu ana wajibu wa kuliuliza. Wengi hudhani weusi wa ngozi wenyewe ndio uiletao. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wenye ualbino wa kwetu hupatwa nayo kwa kiasi kinachokaribiana na ndugu zao wasio na ualbino. Ikitokea, isikatwe peke yake, kwa kuwa keloidi iliyokatwa bila dawa nyingine hurudi mara nyingi, na huweza kurudi kubwa zaidi. Huchomwa sindano za steroidi ndani yake kila baada ya wiki kadhaa, na kadiri iwahiwavyo ndivyo itiivyo. Waganga wa ngozi tunao. Pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo chuo ambacho kimewafunza matabibu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika, na hakuna haja ya mtu kuliacha kovu mikononi mwa muuza vipodozi.

Bibi wa Kimakonde walichanjwa nyusoni, na makovu yale yalikuwa uzuri na nasaba yao. Silitaji hili ili nimwambie mwenye kovu la mpasuaji aone fahari, kwani hakuna awezaye kumwamrisha mwenzake aone fahari. Nalitaja kwa kuwa laonyesha jinsi thamani ya kovu inavyotokana na watu waliomzunguka aliye nalo. Nyumba ya yule binti niliyemtaja ilibadilika siku nyanya yake alipomvua kilemba kile cha kukaza, akamketisha kwenye mkeka, akazisuka nywele za nyuma twende kilioni, misuko minene iliyolegea, akaziacha za mbele zilivyo. Hakuhutubu. Tangu hapo binti alikuwa akitembea na kipaji chake wazi ndani ya nyumba, na mumewe, aliyekuwa hajui atazame wapi, akaanza kumpaka jeli yeye mwenyewe kabla ya kulala.

Kwa matabibu wanaofanya kazi hii, popote walipo, ombi langu ni la haki na si kubwa: mwonyesheni mtakaji picha za makovu ya watu wenye ngozi na nywele kama zake, ya mwezi wa tatu pamoja na ya mwaka, mtajieni uvimbe, ganzi, muwasho na kupukutika kabla hajatia sahihi, muulizeni habari za keloidi katika ukoo wake, na mpeni siku za kurudi kutazamwa hata baada ya nyuzi kutolewa, kwa maana miezi ile ndiyo anayowahitaji zaidi. Na wewe msomaji unayefikiria kuingia katika jambo hili, ukikutana na anayekuahidi kwamba halitabaki kovu hata kidogo, chukua mkoba wako uondoke, ukatafute mwingine.