Mshtuko Uuao na Mshtuko Ukingao

Mwaka 1988, R. W. Currie na wenzake walichapisha jaribio la panya waliopashwa joto hadi nyuzi 42 za Selsiasi kwa dakika 15. Saa 24 baadaye, mioyo yao ilipokatiwa mtiririko kisha kurudishiwa, ilirejesha nguvu vyema kuliko ya panya wasiopashwa. Seli zilizoonja joto huunda protini zinazozisaidia nyingine zisiharibike. Mfasiri wa haraka ataziita 'protini za mshtuko wa joto'. Hapo pana hatari: mshtuko wa moyo huua, ilhali huu hukinga, mgonjwa atatofautishaje? Isitoshe, hata ukosefu wa oksijeni huzizalisha. 'Protini za kinga' nalo litachanganywa na kingamwili. Afadhali 'protini kungwi', kwani kungwi humwelekeza mwari hadi akomae, japo madaktari huenda wakacheka.