Liste ya shitingi ibandikwe mlangoni

Ndugu, dada na wakamarade wa Pinga, wa Mweso, wa Walikale, na ninyi wote ambao vita iliwatupa Goma, Bukavu ao Kampala,

Hapa kwetu hakuna mtu anayelipwa na Leta pesa ya nyumba. Kule Ulaya, katika inchi nyingi, mtu akikosa kodi anaenda kwenye biro ya mji wake, anajaza kagidi, wanamuhesabia haki yake. Wakimkatalia wanamuandikia sababu, na anaweza kwenda kushitaki. Sisi tuko na liste. Jina lako likiwa kwenye liste unapata shitingi, kamba, misumari, siku zingine masufuria na blanketi, ao makuta kidogo ya kupangia nyumba. Jina lisipokuwepo, unalala vile ulilala jana. Huo ndio msaada wa makao tulio nao. Shitingi inatoka kwa shirika, ni kweli, lakini anayeamua jina gani linaingia siye shirika wala Kinshasa. Ni biro ya shefu.

Tueleze vile inapita, juu wengi wanaona tu siku ya kugawa. Watu wanakimbia risasi, wanafika na watoto mgongoni. Shirika linaomba idadi. Shefu wa gurupema anaita mashefu wa vijiji, shefu wa kijiji anaita manyumbakumi, nyumbakumi anapita nyumba kwa nyumba, ao hapiti, anaandika akiwa amekaa. Pembeni kuna rais wa wadeplase na kayé yake. Liste inapanda, inafika biro, inalala huko siku kadhaa. Kisha jetoni zinashuka. Kati ya kupanda na kushuka hakuna raia hata mmoja aliyeisoma.

Mimi niko na diplome ya univerisite na sina kazi, basi naitwa mara nyingi kuandika, juu mkono wangu unasomeka. Katika biro moja ambayo sitaitaja, liste niliyoandika mwenyewe ilirudi na majina ambayo sikuandika, na mama mmoja mjane niliyemuandika mstari wa kwanza hakuwa tena ndani. Nikauliza. Nikajibiwa: "Mutoto, weye uliitwa kuandika, haukuitwa kuuliza." Hakuna fomu ya kulalamika, hakuna siku ya kulalamika. Yule mama alikuja siku ya kugawa, akasimama kwenye mstari toka asubui, akaambiwa jina haliko. Nani alimtoa? Hakuna aliyemjibu. Hata leo hajui.

Hii siyo siri ya Pinga peke yake. Mwaka 2020 gazeti The New Humanitarian lilitoa habari za uchunguzi uliofanywa juu ya rushwa katika misaada Kongo. Yaliyoandikwa pale kila mtu wa Kivu aliyajua tayari: hesabu za wadeplase zinazovimbishwa, wachuuzi, viongozi wa mahali na wafanyakazi wa mashirika wanaogawana, wenye shida wanaolipa ili waandikwe. Tuko hata na jina letu la ile pesa inayorudi nyuma baada ya kugawa: operasyo retur. Kitu kikishapewa jina la kuchekesha, ujue kimezoeleka.

Lakini wizi siyo jambo lote. Hata kama mashefu wote wangekuwa watu safi, liste ingekosea juu ya namna inavyohesabu. Inahesabu yule aliyekimbia. Haihesabu yule aliyefungua mlango. Na katika Pinga, na katika Masisi na Walikale nzima, wengi wanaokimbia hawaendi kwanza kwenye kambi. Wanaenda kwa shangazi, kwa mtu wa kanisa lao, kwa mtu waliyeuziana naye mihogo sokoni. Nyumba ya vyumba viwili inalaza watu kumi na tano. Choo kinajaa, shamba linavunwa mbele ya wakati, kuni zinaisha. Mwenye nyumba hakuandikwa, juu "yeye iko kwake". Baada ya miezi mitatu yeye ndiye masikini kuliko mgeni wake, na mgeni ana shitingi mpya. Hapo ndipo maneno mabaya yanaanza, na sisi tunajua katika Masisi maneno mabaya kati ya majirani yanafika wapi.

Mwezi wa nane 2013 Médecins Sans Frontières walilazimika kuondoka Pinga juu ya vitisho. Siwalaumu. Ninakumbusha tu kwamba gari zikiondoka, wenye nyumba wanabaki, na mlango wao unaendelea kugongwa usiku.

Mapatano ya Kampala, yale ya Umoja wa Afrika ya tarehe 23 Oktoba 2009 juu ya wadeplase, yaliona jambo hili. Kifungu cha 9 kinaomba Leta iwape wadeplase msaada pamoja na makao, na pale inafaa isaidie pia jamii zinazowapokea. Kwa hiyo tukidai mwenye nyumba aandikwe, hatuombi zawadi.

Na tusifikiri kosa hili ni la Kongo tu. Kenya, baada ya fujo za uchaguzi wa 2007, serikali ilianza mwezi wa tano 2008 operesheni waliyoiita Rudi Nyumbani. Walipanga shilingi 10,000 kwa familia ya kuanzia maisha, na 25,000 kwa ambao nyumba zao ziliharibiwa. Wale wa kambini walionekana. Waliokuwa wamelala kwa ndugu mijini, maelfu na maelfu, wengi walikosa, juu hawakuwa mahali ambapo muandishi alipita. Wenzetu walikuwa na serikali inayofanya kazi na pesa za kugawa, na hata hivyo liste iliwaruka waliopangishwa bure na jamaa. Je, sisi?

Kuna kundi lingine linaloanguka katikati. Mwezi wa pili 2025, nyuma ya M23 kukamata Goma, kambi zilizouzunguka mji zilivunjwa, na watu wengi wakarudi Masisi. Wanarudi, wanakuta mabati yameibwa, kuta zimeanguka. Kwenye kagidi mtu huyo si mudeplase tena, "alisharudi". Blinde ya kambini hana, nyumba hana, na kolone ya kumuandika haiko. Tena Pinga yetu imekaa kwenye mpaka: teritware ya Masisi huku, ya Walikale kule. Familia iliyotoka upande mmoja na kulala upande wa pili inaweza kuandikwa mara mbili ao isiandikwe hata mara moja. Kwa mwenye ujanja ni mara mbili. Kwa mjane ni sifuri.

Sasa, ukikosewa, unaenda kwa nani? Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inasema haki ya kukaa kwenye nyumba inayofaa inahakikishwa. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema kila sekta na kila sheferi iwe na baraza la washauri waliochaguliwa na raia, wanaoweza kumuuliza mkubwa wao maswali. Washauri hao hatujawahi kuwachagua. Mwezi wa kumi na mbili 2023 washauri walichaguliwa katika komini za miji mikubwa ya majimbo tu, na Masisi haikupiga kura yoyote juu ya vita. Tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya eta de sieje, wakubwa wa teritware wakawa askari na polisi. Na kila mara bunduki inabadilisha mkono, biro inabadilisha lugha. Hakuna baraza la kumuuliza shefu kwa nini mjane alitoka kwenye mstari wa kwanza.

Tuwe wa haki kwa mashefu pia. Shefu wa kijiji halipwi kwa kazi hii. Anapewa siku mbili kuhesabu watu elfu, bila bik, bila kagidi, na mwenye silaha naye anataka watu wake waingie. Akikataa, analala porini. Zile 40% za mapato ambazo Katiba inasema zibaki kwenye jimbo, kijijini hatujaona hata harufu yake. Kuna mashefu waliouza jetoni, na kuna mashefu waliotoa nyumba zao wenyewe. Liste iliyofichwa inawachafua wote sawasawa.

Hatuwezi kungojea uchaguzi ndipo tuanze. Tunachodai kinaweza kuanza juma hili. Kila liste ya makao ibandikwe mlangoni pa biro ya gurupema na makanisani siku tatu mbele ya jetoni kutoka, na isomwe kwa sauti Siku ya Mungu, kwa Kiswahili, kwa Kinyanga na kwa Kihunde, juu wamama wengi hawasomi. Kila mstari uwe na majina mawili: anayelala na mwenye nyumba. Atakayetolewa aambiwe sababu mbele ya watu. Nusu ya komite iwe wanawake, sababu wao ndio wanajua nani kweli analala kwa nani. Mashirika nayo yasikubali liste isiyobandikwa, na yasiombe watu elfu kwa siku mbili. Najua kuna hatari: pahali pengine kuonesha majina ya wageni kunaweza kuwaletea wenye bunduki. Hapo isibandikwe. Isomwe ndani ya mkutano wa mtaa, mbele ya wakaaji wenyewe, kisha kagidi ifungwe.

Vijana tuko, wengi na diplome, wote mashomeri. Tutaandika bure, wawili wawili kwa kila mtaa, mmoja kutoka kwa wakaaji na mmoja kutoka kwa wadeplase. Kagidi na gundi tutachanga. Mashefu watuambie tu saa gani biro inafunguliwa.