Mzazi yuko dunguni, daftari analikagua nani?

Huku Mtawanya, mpunga ukianza kutoa masuke wazazi wengi huhamia mabondeni, wakalala dunguni kuamia ndege na kufukuza nguruwe. Nyumbani hubaki bibi na wajukuu. Mtoto wa jirani yangu, darasa la tano, ndiye anayechota maji na kuwakorogea wadogo zake uji kabla ya kwenda shule. Juzi nilifungua daftari lake la hesabu: kurasa nne hazijamalizwa, na sahihi ya mzazi kaiweka mwenyewe! Elimu bila malipo ilianza 2016 hadi kidato cha nne, na sasa inafika hadi kidato cha sita, tunashukuru sana, ila jioni bado anatakiwa mtu wa kumuuliza mtoto amesoma nini. Wazazi siwalaumu. Shamba usipoliamia, kweleakwelea hawakuachii kitu. Naomba kikao cha wazazi kiitishwe kabla watu hawajahamia mashambani, tupangane nani atabaki na watoto.